Sura ya Sita: Pua ya Sokwe, Nukta ya Furukombe

Mpiga picha wa harusi mmoja wa Ujiji alinionyesha picha mbili kwenye simu yake. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, chai ya rangi mbele yetu. Picha ya kwanza ilikuwa na matundu mawili meusi yaliyozungukwa na ngozi ya kijivu iliyojikunja.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Sokwe, kaka. Pua yake."

Picha ya pili ilikuwa bluu tupu, na katikati pana doa dogo. Nikadhani ni uchafu wa kioo, nikanyoosha kidole nilifute.

"Acha! Huyo ni furukombe."

Alikuwa ametumia siku mbili na akiba ya miezi kadhaa. Siku ya kwanza alipanda boti Kibirizi kwenda Gombe, begani kabeba lenzi ya milimita 600 aliyoiazima kwa rafiki. Sokwe akatokea karibu na njia, na lenzi ile ikanyofoa kipande cha uso tu. Siku ya pili akasema hadanganyiki tena. Aliiacha lenzi kubwa nyumbani, akachukua ile ya 70-200 anayopigia maharusi, akakodi mtumbwi kumfuata furukombe. Ndege akatua juu ya mti mkavu, kama mita 100 kutoka mtumbwini, na kila waliposogea naye akahama.

"Sasa nishauri," akasema. "Ninunue kamera gani?"

Dukani jibu la swali hilo huja upesi: jina la kampuni, namba ya modeli, bei. Lakini kamera yake ilikuwa ileile siku zote mbili, na haikuwa na kosa lolote. Kilichomponza ni maswali mawili aliyopaswa kujiuliza kabla hajafunga begi. Nitasimama umbali gani na mnyama? Na pale alipo pana mwanga kiasi gani? Kigoma inayafundisha maswali haya kwa ukali, kwa sababu inatoa majibu mawili yanayogombana ndani ya mwendo mfupi wa boti. Msituni mnyama yuko karibu na mwanga ni haba. Ziwani mnyama yuko mbali na mwanga unamwagika. Anayenunua kabla ya kuamua anakwenda upande gani atarudi na pua au na nukta.

Mita kumi

Gombe ni hifadhi ndogo, kipande chembamba cha vilima na mabonde kilichobanwa kati ya ziwa na ukuta wa Bonde la Ufa, kama kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka kwenye ufukwe wake tarehe 14 Julai 1960. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Aliwatazama kwa darubini kutoka kwenye kilele, mbali kiasi kwamba kamera isingefaa kitu.

Mwaka 1961 jarida la National Geographic lilitaka picha. Goodall alihofu kwamba mpiga picha mgeni angewatawanya sokwe walioanza kumzoea, akapendekeza aje mdogo wake, Judy, ambaye walifanana. Judy akaja, na mvua nazo zikaja. Aliondoka na picha chache mno za sokwe. Mwaka uliofuata akafika Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937. Picha zake zilitoka katika toleo la Agosti 1963 la jarida hilo, na filamu zake ndizo zilizoifanya Gombe ijulikane hadi vijiji ambavyo havijawahi kusikia jina la Ziwa Tanganyika.

Picha inayokumbukwa kuliko zote katika kazi yake ni ile ya Flint, sokwe mchanga aliyezaliwa 1964, akinyoosha mkono kumgusa Goodall. Itazame kama fundi. Hakuna ajabu ya lenzi ndani yake. Nguvu yake yote ni ukaribu, na ukaribu ule ulitokana na miaka ya kukaa kimya, pamoja na ndizi zilizowekwa kambini kuwavuta wanyama.

Ukaribu ule leo umekatazwa, na sababu yake ni nzito. Sokwe ni ndugu zetu wa karibu kiasi kwamba maradhi yetu ni maradhi yao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe. Baadhi ya sokwe walibaki wakiburuta viungo, wengine wakafa. Homa za mapafu nazo zimewahi kuwaua, Gombe na Mahale pia. Ndiyo maana mgeni wa leo anatakiwa abaki mita 10 kutoka kwa sokwe, akae na kundi kwa saa moja tu, asiwashe flashi, na avae barakoa pale anapoelekezwa na mwongozaji.

Hugo aliweza kusogea kwa miguu. Wewe lenzi ndiyo itakusogeza, na itakusogeza kwa kipimo kinachojulikana kabla hujatoka nyumbani. Mita kumi hizo ndizo zinazochagua lenzi yako ya Gombe. Kampuni haina usemi hapo.

Hesabu ya mfukoni

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua 36, ambao ni upana wa sensa kubwa kwa milimita, yaani ile ya kamera wanazoziita fulufremu. Zidisha kwa umbali wa mnyama kwa mita, kisha gawa kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Unachopata ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Kimo chake ni theluthi mbili ya upana huo.

Sokwe yuko mita 10 na lenzi ni 600: 36 mara 10, gawa kwa 600, ni mita 0.6. Picha nzima inachukua sentimita 60 kwa 40. Kichwa na mabega vinajaza fremu, na sokwe akisogea karibu zaidi unabaki na pua ya rafiki yangu. Weka lenzi ya 200 mahali palepale, upate mita 1.8 kwa 1.2. Sokwe aliyeketi anaingia wote, na mtoto wake mgongoni, na tawi analolishika.

Sasa furukombe. Kimo chake ni kama sentimita 70. Akiwa mita 100 na lenzi ni 200, picha inachukua mita 18 kwa 12. Kwenye kimo hicho unaweza kuwapandanisha furukombe 17, mmoja juu ya mwingine. Kwa lenzi ya 600 eneo linashuka hadi mita 6 kwa 4, na ndege anaanza kuonekana kuwa ndege. Ukifaulu kumsogelea hadi mita 40 kwa lenzi hiyohiyo, fremu inakuwa mita 2.4 kwa 1.6. Hapo unaona jicho la kahawia iliyokolea na kucha zilizokamata tawi.

Kamera zenye sensa ndogo zaidi, wanazoziita za kropu, zinabadilisha namba ya kwanza tu. Badala ya 36 weka 24. Za mfumo wa OM System na wa Lumix wenye sensa ndogo zaidi ya hizo, weka 17. Kwa maana hiyo lenzi ya 400 kwenye kropu hufanya kazi ya 600 kwenye fulufremu, na lenzi ya 300 kwenye OM System nayo vilevile. Uzito unapungua na bei inapungua. Kinachopungua pia ni mwanga unaokusanywa na sensa nzima, na hapo ndipo swali la pili linapoingia.

Mwanga wa bondeni, mwanga wa ziwani

Ingia bonde la Kakombe asubuhi, chini ya miti mirefu. Macho yako yatazoea kiza upesi na kukudanganya kwamba pana mwanga wa kutosha. Kamera haizoei. Ili mkono wa sokwe anayechuma matunda usitoke ukungu unahitaji kasi ya shata ya angalau 1/250 ya sekunde, na mahali kama hapo lenzi yenye tundu la f/2.8 inaweza kukudai ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ya 3200. Weka lenzi ndefu ya bei ya kati, ambayo tundu lake likifunguka lote ni f/6.3. Inapitisha mwanga pungufu mara tano. Kwa kasi ileile kamera itadai ISO 16000, na manyoya ya sokwe, ambayo uzuri wake ni kung'aa kwa weusi juu ya weusi, yatageuka uji wa chembechembe.

Kabla hujalalamika, wakumbuke waliotangulia. Filamu ya rangi iliyosifiwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kodachrome II, ilikuwa na ASA 25, kipimo kilekile ambacho leo tunakiita ISO. Kamera ya leo ikiwekwa ISO 6400 inahitaji mwanga mdogo mara 256 kuliko filamu ile. Lenzi yako ya harusi ikiunganishwa na kamera ya miaka kumi iliyopita inaweza kupiga picha katika giza ambalo filamu ile isingeambulia kitu.

Toka sasa msituni, nenda ziwani. Jua la saa nne linapiga juu ya maji, maji yanalirudisha, ndege anaangazwa juu na chini. Kwa tundu la f/6.3 na kasi ya 1/3200, ambayo inatosha kumgandisha mdiria anayejirusha majini, kamera itaridhika na ISO 500 hivi. Hapa lenzi ya f/2.8 ni mzigo tu. Tundu dogo linatosha, na fedha yako yote inunue urefu.

Kuna jambo jingine la mwanga ambalo mtengenezaji wa kamera hawezi kukuuzia, nalo ni ramani. Ufukwe wetu unatazama magharibi. Nyuma yake, mashariki, kuna vilima. Asubuhi jua linachelewa kuvuka vilima hivyo, kwa hiyo ufukwe na misitu vinakaa kivulini wakati ziwa la mbali limeshaangaza. Likishavuka, anayesimama ufukweni akitazama ziwa ana jua mgongoni, na ndege wa majini wanaangazwa usoni. Jioni mambo yanageuka. Jua linashuka upande wa milima ya Kongo, na anayepiga picha kutoka ufukweni atapata vivuli vyeusi juu ya maji ya dhahabu. Hizo ni picha nzuri za kalenda, lakini manyoya hayaonekani. Wakati huo panda boti, geuza uso kwa nchi kavu, na jua litakumulikia miti, miamba na ndege wote waliokaa ukingoni. Asubuhi piga ukiwa nchi kavu. Jioni piga ukiwa majini.

Kiangazi huleta mtihani wake. Kuanzia Julai, moshi wa mioto ya nyika na vumbi hufunika ziwa hadi milima ya Kongo inapotea kabisa. Mchana hewa juu ya maji na mchanga wa moto huchezacheza. Lenzi ndefu kuliko zote duniani haiponyi hewa inayotetemeka. Inaikuza tu.

Mwili wa kamera

Nimechelewa kufika kwenye kamera yenyewe kwa makusudi. Kamera hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lenzi nzuri hukaa miaka ishirini. Ukigawa fedha, gawa ukilikumbuka hilo.

Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni ni kamera zisizo na kioo ndani, ambazo zimefundishwa kutambua jicho la mnyama na ndege na kulifuata. Mtu aliyepiga picha za ndege kwa kamera za zamani atakuambia jinsi fokasi ilivyokuwa ikirukia jani lililo mbele ya ndege. Canon R5 ya 2020 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulifanya jambo hili vizuri, na sasa limeshuka hadi kwenye kamera za kropu kama Canon R7 ya 2022. Faida ya pili ni ukimya. Shata ya kielektroniki haitoi sauti, na mdiria aliye mita sita hasikii kitu. Hasara yake ni kwamba kwenye kamera nyingi za bei ya kati sensa husomwa polepole, kwa hiyo bawa linalopiga kwa kasi linaweza kutoka limepinda kama ndizi. Kwa ndege anayeruka rudi kwenye shata ya kawaida. Hasara nyingine ni betri. Kamera hizi hula umeme haraka kuliko zile za kioo, na kwenye boti hakuna pa kuchajia. Beba tatu.

Kamera za zamani zenye kioo hazijafa. Canon 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016 ziliundwa kwa ajili ya kasi, zote ni za kropu, zote zimefungwa vizuri dhidi ya vumbi na manyunyu, na sasa zinauzwa mitumba kwa sehemu ndogo ya bei yake ya mwanzo. Nikon 200-500 ya f/5.6, iliyotoka 2015, ikiwekwa kwenye D500 inampa mtu wa kipato cha kawaida ndege wa ziwani bila kuuza kiwanja.

Mikoba mitatu

Mkoba wa kwanza ni wa mpiga picha wa harusi, na hapa nampa rafiki yangu habari njema. Lenzi ya 70-200 ya f/2.8, ile anayoisimamisha mlangoni mwa ukumbi bibi harusi akiingia, ndiyo lenzi ya Gombe. Ukumbi wenye taa hafifu na bonde la Kakombe ni mtihani mmoja. Kinachobaki ni ziwa. Njia rahisi ni kikuza lenzi cha mara mbili, kipande kidogo kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Kinaigeuza 200 ya f/2.8 kuwa 400 ya f/5.6. Ukali wa picha unapungua kidogo na fokasi inazubaa kidogo, lakini kwa jua la ziwani kazi inafanyika. Baadaye anunue 150-600 ya Sigma au Tamron, mtumba, kwa pete inayolingana na kamera yake.

Mkoba wa pili ni wa mwalimu, mwongozaji wa watalii au mwanafunzi anayetaka kuwatambua ndege na kuweka kumbukumbu. Huyu asinunue mfumo wa lenzi kabisa. Nikon P950 na P1000 zina lenzi isiyotoka. Ya P1000 inafika mahali ambapo fulufremu ingehitaji lenzi ya milimita 3000, na kamera nzima ina uzito wa kilo 1.4 tu. Sensa yake ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na msituni picha zitachafuka. Lakini ufukweni, mchana, itamletea ndege aliye juu ya mchikichi hadi ahesabu manyoya. Katika michikichi ya Kigoma hilo si jambo dogo. Tai mmoja mweupe mwenye mabawa meusi na ngozi nyekundu kuzunguka macho, Gypohierax angolensis, anapenda chikichi kuliko nyama. Mkoa unaoishi kwa mawese una tai anayekula chakula kilekile.

Mkoba wa tatu ni wa anayeanza bila kitu na amekata shauri kufuata ndege na wanyama kwa miaka. Achukue kamera ya kropu isiyo na kioo na lenzi moja ndefu ya kuvuta. Canon ana 100-400 ya gramu 635 ambayo haimchoshi mtu, na 100-500 iliyo bora na ghali zaidi. Sony ana 200-600 ya 2019, Nikon ana 180-600 ya 2023, na hizi mbili zina uzito wa kilo mbili hivi. Kilo mbili si kitu ukiwa umekaa kwenye boti. Lakini ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha vilima vya Gombe kinapita mita 1,500. Pandisha miinuko ile ukiwafuata sokwe wasiokusubiri, ndipo utajua bei halisi ya kila gramu. Ndiyo maana watembeao sana humtazama OM System, ambaye 300 yake ya f/4 ina kilo 1.27 na inaona kama 600.

Kwa huyu wa tatu niongeze safari moja. Mashariki mwa ziwa, ukipita Uvinza, kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo anaishi korongo nyangumi, ndege mrefu zaidi ya mita moja, mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Yuko mbali, ndani ya mafunjo ambayo hayakupi njia. Lakini husimama bila kutikisika kwa muda mrefu akivizia kambare. Aliye mbali na hatembei anakuruhusu kasi ndogo ya shata, kwa hiyo hata lenzi ndefu yenye tundu dogo inatosha asubuhi na mapema, mradi umepata pa kuiegemeza. Maswali yaleyale mawili yametoa jibu la tatu.

Kampuni gani, basi?

Ukishapita hapo, jina la kampuni linabaki kuwa swali dogo lenye jibu la kijamii. Uliza wapiga picha wa mji wako wanatumia nini. Mfumo wa kamera ni kama kuoa. Pete ya lenzi ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kamera ya nyingine, na ukishanunua lenzi mbili tatu talaka ni hasara. Ukichagua kamera waliyo nayo wenzako utaweza kuazima lenzi ndefu kwa siku mbili, kubadilishana betri, kuuliza menyu ilipojificha, na kumpata mnunuzi ukitaka kuuza. Anayenunua kamera bora ambayo hakuna mwenzake mjini anayo amejinunulia upweke.

Ukinunua mtumba, Kariakoo au kwa mtu aliyeileta kutoka Dubai, nenda na simu yenye tochi. Fungua lenzi, ielekeze juu, mulika kutoka nyuma na utazame ndani kwa mshazari. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hupenda unyevu wa mwambao na wa ziwa. Rudisha. Kisha iwashe, ielekeze kwenye kitu cha karibu na cha mbali mara kumi, usikilize kama fokasi inasitasita. Uliza shata imepiga mara ngapi. Muuzaji asiyependa uyafanye haya amekujibu.

Maharage, barakoa na weusi wa sokwe

Ukienda kwenye boti, acha stendi ya miguu mitatu nyumbani. Injini inatetemesha ubao, ubao unatetemesha miguu, miguu inatetemesha lenzi. Mwambie nahodha kwa heshima, "Mzee, naomba uzime kidogo," kisha shika kamera kwa mikono, viwiko vimebanwa mbavuni, mwili wako umeze mtikisiko. Stabilaiza itatuliza mkono wako, haitamtuliza ndege, kwa hiyo kasi ya shata ibaki juu.

Ukitaka egemeo, nenda sokoni ununue kilo mbili za maharage ya Kigoma, uyashonee mfuko wa kitenge, uulaze kwenye ukingo wa mtumbwi na lenzi juu yake. Wapiga picha wa Ulaya hununua mifuko ya namna hiyo mitupu kwa bei ya kuchekesha, kisha hutafuta cha kuijaza. Wako utaupika safari ikiisha.

Barakoa itakuletea kero moja. Pumzi inapanda juu na kufunika kioo cha kuchungulia. Ibane vizuri puani kabla sokwe hajatokea, au tumia kioo kikubwa cha nyuma. Na kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi usiifungue mara moja kwenye joto la ufukweni. Iache ndani ya begi robo saa, la sivyo umande utatanda ndani ya lenzi.

La mwisho ni rangi. Kamera hudhani dunia ni ya kijivu. Ikiona sokwe mweusi amejaza fremu itamng'arisha hadi afanane na vumbi, kwa hiyo punguza mwanga kwa hatua moja hivi. Furukombe huidanganya kwa namna nyingine. Mwili wake wa kahawia na maji ya giza nyuma yake huifanya kamera iongeze mwanga, na kichwa cheupe kinaungua na kuwa karatasi. Punguza tena. Weusi na weupe wa wanyama hawa wawili vina dawa moja.

Picha ya tatu

Rafiki yangu hakununua kitu. Siku nilipomaliza kumweleza haya alicheka, akasema fedha ya kikuza lenzi itapatikana msimu wa harusi. Wiki chache baadaye alinitumia picha ya tatu.

Alikuwa amekwenda Katonga alfajiri, na lenzi yake ileile ya 70-200, mahali ambapo wavuvi hurudi na dagaa wa usiku. Zile zana za mitumbwi miwili iliyounganishwa, wanazoziita kipe, zilikuwa zimeegeshwa na taa zake zimezimwa. Juu ya mlingoti mmoja alikaa mdiria mweusi kwa mweupe. Ndege huyo amezaliwa katikati ya kelele za mwalo, amezoea ndoo, matusi na watoto, na mtu mwenye kamera kwake ni mtu mwingine tu. Rafiki yangu alikaa mchangani kati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa, akangoja jua livuke vilima vya nyuma yake.

Mita nane. 36 mara 8, gawa kwa 200, ni mita 1.44. Ndege wa sentimita 25 anachukua kama sehemu moja ya sita ya upana, na kwa kamera yake ya megapikseli 24 hizo ni pikseli elfu moja na kidogo. Ukikata picha nusu kwa nusu, inabaki ya kutosha kuchapisha upana wa sentimita 25. Mdiria amefungua mdomo, dagaa kambeba kwa mshazari, na kwenye jicho lake kuna nukta nyeupe ya jua.

Chini ya picha aliandika ujumbe mmoja: "Huyu nilimkuta yuko umbali wa maharusi."